Maneno ya Barazani: Juu ya Baa, Maduka na Viwanja vya Mitaa Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, Dar es Salaam)



Tulipoombwa na Halmashauri kusema machache jioni hii, kwanza tulifikiri kusema juu ya mishahara au juu ya pensheni, maana hayo ndiyo yavutayo wasikilizaji. Lakini tulikumbuka ya kuwa mishahara husemwa mara mbili au tatu kwa mwaka, bali yako mambo ambayo sote huyasema kila jioni tutokapo kazini, bila ajenda wala mwenyekiti: baa ipi ina kelele, duka lipi hupunja, kiwanja kipi kimeanza kuzungushiwa mabati. Tukaona heri tuyaseme hayo mara moja kwa utaratibu, tuyapime, tujue kama yana faida au ni upepo tu.

Wako wenzetu waliocheka waliposikia kichwa cha hotuba hii. Walisema kwamba maneno ya barazani ni kazi ya wavivu, na ya kuwa karani mwenye heshima zake huingia ndani akafunga mlango. Hatukubaliani nao. Afungaye mlango huyasikia yale yale dirishani, ila huyasikia nusu, na nusu iliyobaki huijaza mwenyewe.

Na tutazame kwanza nguvu ya maneno haya. Mji wetu umepewa majina na vinywa vya watu kuliko ulivyopewa na ofisi yo yote. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao walipigishwa kambi mahali palipokuwa pembeni mwa mji. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao, nalo likawa Kariakoo. Mnazi Mmoja ni jina la mti, wala hakuna bwana shauri aliyeketi mezani kulitunga. Panda daladala leo usikilize kondakta ataja nini. Magomeni atakuambia Mwembechai. Buguruni atakuambia Kwa Mnyamani. Tandale atakuambia Kwa Mtogole. Sinza atataja Kona Baa, kisha Kwa Remmy, kwa ajili ya mwanamuziki Remmy Ongala aliyefariki mwaka 2010. Hata bendi ya Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukua jina la baa ilimokuwa ikipiga. Baa, duka na mwembe ndizo ramani tutumiazo kila siku, na mchoraji wake ni mazungumzo ya watu.

Basi maneno yawezayo kumpa mtu jina yaweza pia kumwondolea. Hapo ndipo tunapotaka kuanza, nasi tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

JUU YA MADUKA

Katika mitaa mingi ya mji huu duka la jirani huitwa "kwa Mangi", hata kama mwenye duka si Mchagga, kwa kuwa watu wa Kilimanjaro wamejulikana sana kwa biashara hiyo. Kwa Mangi hununuliwa sukari ya robo kilo, mafuta ya kupimiwa, kiberiti, na kipande cha sabuni. Kwa mtumishi wa serikali duka hilo ni zaidi ya duka. Baada ya tarehe kumi na tano ndilo benki yake. Ukutani mwenye duka ameandika ya kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga, lakini chini ya meza ana daftari lenye majina yetu.

Katika mtaa tuliokaa zamani kidogo alikuwako mwenye duka mmoja, mtu mpole, asiyependa maneno mengi. Siku moja mama mmoja alimtuma mtoto kununua unga kilo mbili. Unga ulipofika nyumbani aliuona haba. Alisema neno moja tu kwa jirani yake, naye jirani akalibeba mpaka bombani. Kufika jioni, barazani pakasemwa ya kuwa mizani ya duka lile imeharibiwa makusudi.

Nasi tulikuwapo barazani jioni ile. Hatukuuliza kitu. Tulicheka pamoja na wenzetu, kisha, kwa kutaka kuonekana watu wenye habari, tukaongeza ya kwamba hata sisi tuliwahi kuona jiwe la mizani ile limechongwa upande wa chini. Mabwana, hatukuliona. Tuliona jiwe kuukuu, lenye kutu, kama mawe yote ya mizani katika mji huu. Lakini neno la karani lina uzito kuliko la mtu mwingine, maana watu hudhani asomaye na kuandika hasemi ovyo. Tangu siku ile habari haikuwa tena habari ya unga wa mama yule. Ikawa habari ya jiwe lililochongwa, na sisi tukawa ndio mashahidi wake.

Duka lilianza kukosa watu. Baada ya wiki kadha mkaguzi wa vipimo alipita katika mzunguko wake, akaipima mizani, akaikuta sahihi, akaipiga muhuri. Mtoto naye, alipoulizwa kwa upole na bibi yake, alisema ya kuwa mfuko ulipasuka njiani, unga ukamwagika, akaogopa kipigo. Yote mawili yalijulikana, lakini hayakuenda bombani kwa mbio ile ya kwanza. Yule bwana alifunga duka kabla ya mwaka kwisha, akarudi kwao.

Limebaki neno moja ambalo ni zito kwetu kulisema. Tulipohesabu baadaye ni nani waliolikwepa duka lile mapema kuliko wote, tuliona wengi wao ni watu waliokuwa na majina katika daftari. Sisi wenyewe tulikuwamo kwa shilingi 18,500. Hatusemi kwamba tulizusha neno ili tusilipe deni. Twasema kwamba ni rahisi sana kuamini ubaya wa mtu unayemdai, na ni rahisi zaidi kuamini ubaya wa mtu anayekudai. Tulitafuta namba yake kwa muda, tukaipata, tukamtumia fedha zake pamoja na maneno ya kuomba radhi. Alijibu kwa neno moja: "Zimefika."

Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumiwa na watu kama hati ya kuruhusu kila uvumi. Sisi tumejifunza maana yake nyingine: neno lisilokuwapo, likisemwa sana, laweza kuleta hasara iliyopo kweli. Soko la Kariakoo, lile lenye paa la miavuli alilolichora Mtanzania Beda Amuli katika miaka ya 1970, liliposhika moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021, barazani kwetu zilitajwa sababu nne kabla ya kupambazuka, na kila sababu ilikuwa na mtu wa kulaumiwa ndani yake. Siku hizi maneno hayahitaji hata baraza. Hupita katika simu, na sauti ya mtu usiyemjua huingia chumbani kwako kabla hujanawa uso.

JUU YA BAA

Hapa twajua ya kuwa wasikilizaji wetu ni wa namna mbili, nasi tutajaribu kutomkosea mmoja wao. Katika mji huu grosari si duka la vyakula kama mgeni awezavyo kudhani. Ni mahali pa kuuziwa bia, penye viti vya plastiki, jiko la nyama choma, na spika mbili. Wako wasioingia humo kwa ajili ya dini yao au kwa ajili ya mfuko wao. Wako waingiao kwa kiasi. Wako pia, hasa juma la kwanza baada ya mshahara, ambao huingia na kusahau njia ya kutokea. Lakini ni haki kusema kwamba humo humo ndimo zipatikanapo habari za msiba, na mchango wa sanda mara nyingi huanza juu ya meza ile kabla haujaandikwa po pote pengine.

Katika mtaa mmoja grosari ya namna hii ilifunguliwa karibu na nyumba za watu, na spika zake zikaelekezwa madirishani. Ilikuwa miezi ya mitihani. Barazani tukasema sana. Tulisema kwa muda wa miezi saba. Tulitaja sheria, maana sisi ni watu wa kutaja sheria: kwamba iko Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliyoweka saa za kufungua na kufunga, na ziko Kanuni za kuzuia kelele za mwaka 2015. Yote hayo ni kweli. Lakini wale wanywao pale walinyamaza kwa kuwa hunywa pale, na wale wasiokunywa waliacha kusema juu ya kelele wakasema juu ya ulevi. Maneno yakageuka vita ya wema na waovu, na spika zikaendelea kupiga.

Aliyeyakata maneno hayo hakuwa karani. Alikuwa bibi mmoja mwenye nyumba, ambaye mjukuu wake alikuwa kidato cha nne. Siku moja asubuhi, wakati viti vingali juu ya meza na sakafu inapigwa deki, alikwenda mwenyewe akabisha hodi. Mwenye grosari akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Sikuja kukukatia riziki. Nimekuja kukuomba uzigeuze spika zako zitazame barabara, na ikifika saa nne uzipunguze, mtoto wangu asome."

Yule bwana alistaajabu. Akasema, "Bibi, mimi nasikia tu kwamba natukanwa huko barazani. Hakuna hata mtu mmoja aliyenijia akaniambia ninakosa nini."

Spika ziligeuzwa siku ile ile. Hatusemi kila mwenye baa ni msikivu kama huyo. Wako wasiosikia bibi wala kanuni, na kwa hao sheria ipo, na itumike. Lakini aibu ilitushika sisi. Kwa miezi saba maneno yetu yalikuwa yamemfikia kila mtu katika mtaa isipokuwa yule mmoja aliyekuwa na uwezo wa kunyosha mkono na kuzigeuza spika.

JUU YA VIWANJA

Sasa tufikie jambo lililo kubwa kuliko hayo mawili. Duka likifungwa, laweza kufunguliwa jingine. Baa ikipiga kelele, yaweza kunyamazishwa. Lakini kiwanja kikiisha kujengwa, hakirudi.

Mnazi Mmoja yatufundisha jambo. Katika enzi ya ukoloni mji huu ulikatwa sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini, na uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili uitenge Kariakoo na mitaa ya Wahindi. Nia yake haikuwa njema. Lakini watu wakakitumia kiwanja kile kwa kukutana, na katika miaka ya 1950 mikutano ya TANU ilifanyika hapo hapo penye mpaka. Kama pangalikuwa pamejengwa, wale watu wangalisimama wapi kusikiliza? Kiwanja kitupu hakionekani kuwa na kazi, na kwa hiyo huonekana rahisi kuchukuliwa. Kumbe kazi yake ni ile ya siku ambayo haijafika.

Mtaani kwetu palikuwa na kiwanja, si kikubwa, chenye magoli ya miti na mwarobaini mmoja. Asubuhi watoto walipita hapo kwenda shule, jioni vijana walicheza mpira, na siku ya msiba maturubai yalifungwa hapo, kwa kuwa nyumba zetu hazina ua wa kutosha wafiwa. Siku moja tukaona vigingi. Baada ya wiki mbili tukaona mabati.

Barazani palichangamka. Mmoja alisema ni shule inajengwa. Wa pili akasema ni nyumba ya ibada. Wa tatu akasema ni maegesho ya malori, naye amesikia kwa mtu wa ndani kabisa. Kila mtu alikuwa na habari yake, wala hakuna aliyekuwa na karatasi. Hayo yaliendelea kwa miezi minne. Tulikuwa makarani kumi na mmoja katika mtaa ule. Kwa ajili ya waajiri wetu tulikuwa tukiandika barua mamia kila mwezi, zenye kumbukumbu namba na nakala kwa wahusika. Kwa ajili ya kiwanja chetu hatukuandika hata moja.

Mwezi wa tano ndipo mwenzetu mmoja aliposema, "Jamani, kesho mimi nakwenda kuomba kuonyeshwa mchoro." Akaenda na barua fupi. Mchoro ulikuwapo, na juu yake pale mahali pameandikwa kuwa ni eneo la wazi. Tuliandika barua ya pili, tukaitaja Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, tukatia sahihi watu tisini na wawili, wengine kwa dole gumba. Ikasomwa katika mkutano wa mtaa mbele ya mwenyekiti. Mabati ya upande mmoja yaliondolewa. Upande wa pili nyumba ilikuwa imekwisha kupanda mpaka madirishani, na shauri lake lingali likiendelea. Leo watoto wanacheza katika nusu ya kiwanja, na mpira ukiruka ukuta haurudi mpaka mlinzi apende. Nusu iliyokwenda ndiyo bei tuliyolipa kwa miezi minne ya mazungumzo.

Mtu asidhani ya kuwa barua haina nguvu mbele ya wakubwa. Tutoe mfano kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga jumba la ghorofa sitini ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wote katikati ya mji wa Nairobi. Bibi Wangari Maathai alipopata habari hakuishia kusikitika pamoja na rafiki zake. Alianza kuandika barua, ofisi moja baada ya nyingine, akiuliza kama habari ile ni kweli na akieleza kwa nini bustani isiguswe. Alitukanwa sana kwa ajili hiyo. Lakini jumba lile halikujengwa, na bustani iko. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Katika mji huo huo iko bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Kwa miaka mingi watu wa kawaida wamekuwa wakikusanyika humo kuzungumza mambo ya nchi, wakajiita Bunge la Mwananchi. Hao wamefahamu ya kuwa mazungumzo yahitaji mahali, na ya kuwa mahali nako kwahitaji watu wa kukusemea.

SHAURI LETU

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kuwaomba wanachama waache mazungumzo. Mtaa usiozungumza ni mtaa usiojuana. Twaomba mambo matatu tu.

La kwanza: mtu akileta neno juu ya duka la mtu au kazi ya mtu, tumwulize kwa adabu, "Umeona, au umesikia?" Swali hili ni dogo, lakini kama mtu mmoja angalituuliza sisi jioni ile ya mizani, tungalinyamaza.

La pili: neno la lawama lianze kumfikia mwenyewe. Aende mtu mmoja, mchana, kwa salamu, kama alivyokwenda yule bibi. Asiposikia, hapo ndipo tupande ngazi ya mtaa, na ya kata, na ya sheria.

La tatu: tuandike. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kiwanja ni mali. Tarehe, mahali, kilichoonekana, na walioona: mistari minne yatosha. Twaomba tawi letu liwe na daftari moja la mitaa, likae kwa Bwana Mwandishi, na kila mwanachama aandike humo vigingi siku ile ile avionapo, asingoje mabati. Na kila mwezi daftari hilo lisomwe hapa kwa dakika kumi, kabla ya habari za mishahara.

Wala hili si jambo geni kwa watu wa kazi yetu. Mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali katika mji wa Tanga, hawakufanya chama cha kudai haki tu. Palikuwa pia mahali pa kusoma magazeti, kucheza na kuzungumza baada ya kazi, Waislamu na Wakristo pamoja. Walijua ya kuwa watu wanaokutana jioni ndio wawezao kusimama pamoja asubuhi.

Sasa saa imekwenda. Baada ya mkutano huu wengine wetu wataelekea nyumbani, wengine watapita kwa Mangi, na wengine, hatuwataji, watapita grosari. Njiani mtazame viwanja mtakavyovipita. Kama mtaona kigingi kipya, daftari liko juu ya meza hii, na kalamu imo ndani yake.